Maji ya Siku Mbili

Katika nyumba ya akina Kiherehere, kijiko kikianguka sakafuni hakirudishwi kabatini hivi hivi. Kinaoshwa kwanza. Kisha mahali kilipoangukia panapigwa deki, na mkono uliokiokota unaoshwa. Mama yake alikuwa mfanyausafi wa zahanati, na kila jioni aliporudi kazini alivua viatu mlangoni, akachukua ndoo, na vita vikaanza upya kana kwamba mtoto wake ameshinda akilima sebuleni. Chini ya sinki palikuwa na chupa kubwa nyeupe ya dawa ya madoa, ile kali inayotoa watu machozi. Mama aliiamini chupa ile kuliko alivyowaamini majirani.

"Kisichonuka dawa hakijaoshwa," alizoea kusema, na akishasema, ananusa.

Jina la Kiherehere hakupewa na mama. Alilipata shuleni, darasa la pili, siku aliponyoosha mkono kujibu swali ambalo mwalimu hajauliza. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na jina lilikuwa limemkaa vizuri kuliko sare yake. Mwenyewe hakulichukia. Aliona afadhali mtu mwepesi kuliko goigoi.

Kwa hiyo mwalimu wa sayansi alipouliza nani anaweza kuwalea vyura wa shule kwa wiki mbili, mkono wa kwanza kupaa ulikuwa wake.

Vyura wenyewe walikuwa wawili, wakiishi ndani ya tangi la kioo katika chumba cha sayansi. Mkubwa aliitwa Bimkubwa. Alikuwa mnene, ngozi yake ya vinundu, macho yake rangi ya shaba, na alikuwa ameishi shuleni miaka minane, yaani tangu kabla mwalimu mkuu hajahamia pale. Mdogo aliitwa Kifungo, kwa sababu siku alipookotwa hakuzidi kifungo cha shati. Mafundi walikuwa wanakuja kubadilisha paa la chumba kile, na vumbi na kelele za nyundo hazikuwafaa viumbe wale.

"Ningewachukua mimi," mwalimu alisema, "lakini kwangu kuna paka watatu, nao hawajaniahidi lolote."

Darasa likacheka. Mwalimu huyu alikuwa mama wa makamo, mrefu, asiyeharakishwa na kitu chochote. Hata kengele ya kwenda nyumbani ilipolia, alimaliza kwanza sentensi yake. Alimkabidhi Kiherehere tangi la akiba na karatasi yenye mistari saba, kila mstari na kisanduku chake pembeni.

"Leo ni Jumatatu. Vyura utawachukua Ijumaa. Siku zote hizi ni za kuandaa. Kazi ikishafanyika ndipo unaweka alama ya vema, si kabla. Mama naye asome, kisha atie sahihi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu!"

"Hujaisoma bado."

"Nitaisoma!"

Aliisoma, tena njiani akirudi nyumbani. Tangi lioshwe kwa maji ya moto matupu, bila sabuni wala dawa ya aina yoyote. Maji ya bomba yaachwe kwenye ndoo wazi siku mbili nzima kabla ya kutumiwa, ili dawa ya kuulia vijidudu iliyomo iishe. Patafutwe udongo laini, pa kujifichia, kifuniko chenye matundu, mahali penye kivuli, na wadudu wa kuwalisha kutoka mahali pasipopulizwa dawa. Kiherehere aliona ni kazi ya nusu saa. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

Jumatatu hiyo alishughulikia mapambo. Alikata boksi, akaandika kwa rangi nyekundu: HOTELI YA BIMKUBWA. Jumanne akachora maua pembeni. Jumatano alizunguka mtaani kuwaalika watoto waje kuwaona vyura Jumamosi, kwa zamu, kila mmoja dakika tano. Rafiki yake Mapengo, ambaye naye alikuwa ameomba kuwalea vyura na akakosa, aliandikwa wa kwanza ili asinune.

Alhamisi jioni ndipo alipokumbuka kwamba hoteli yenyewe haijaoshwa.

Tangi lilikuwa limewahi kufugiwa samaki, na pembe zake zilikuwa na ukungu wa kijani. Alisugua kwa maji ya moto mpaka vidole vikamuuma, na ukungu haukutoka wote. Akatazama chini ya sinki. Chupa nyeupe ilikuwa pale pale, na kwao kuitumia kulikuwa jambo la kila siku, sawa na kufagia. Akamimina kidogo. Akaongeza. Ukungu ukatoweka. Akaona bora amalize kazi kama mwana wa mama yake: kile kigae cha chungu kilichovunjika, ambacho vyura wangejificha chini yake, alikilaza usiku kucha ndani ya dawa hiyo hiyo, pamoja na kisahani chao cha maji. Asubuhi alivisuuza mara moja, akavinusa, akafurahi. Ungedhani ni vyombo vya chumba cha sindano.

Halafu akaikumbuka ndoo. Maji ya siku mbili! Na siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

"Maji ni maji," alijiambia, akifungua bomba. "Sisi si tunayanywa haya haya?"

Akaunyunyizia udongo maji ya bomba, akajaza kisahani, akafunika. Kisha akatoa karatasi mfukoni, akaweka vema saba kwa haraka, zote zikiwa zimelalia upande mmoja. Mama alikuwa mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Umefanya yote haya?"

"Yote, Mama."

Mama akatia sahihi juu ya goti, akakimbilia kazini.

Shuleni, mwalimu aliipitia karatasi mstari kwa mstari. "Tangi umeliosha kwa maji matupu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na maji yamekaa siku mbili?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Mwalimu akamtazama kidogo, akaikunja karatasi, akamkabidhi ndoo yenye majani mabichi na vyura wawili ndani yake. Kiherehere aliibeba kwa mikono miwili, akatembea polepole kuliko alivyowahi kutembea maishani mwake.

Jioni ile mama aliporudi, aliinamia tangi, akanusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hapa nimezaa," alisema. Bimkubwa na Kifungo walikuwa wamesimama kwa miguu ya nyuma, wakikwangua kioo, wakianguka, wakisimama tena.

"Ona wanavyocheza!" Kiherehere alisema.

Jumamosi mama alitoka saa moja kamili kwenda zamu. Kiherehere akaosha vyombo, akapiga deki, akafuta meza. Wageni walikuwa waanze kuja saa tatu. Saa mbili na robo, kazi zote zimekwisha, akaondoa kitambaa juu ya tangi ili awasalimie.

Bimkubwa alikuwa nusu ndani ya kisahani na nusu nje. Miguu yake ya nyuma ilikuwa imenyooka kama kamba. Chura aliyetulia hukunja miguu, hilo Kiherehere alilijua. Kifungo alikuwa kalala chali kando ya kigae, tumbo limeiva wekundu, na kidole kimoja cha mguu kilikuwa kikitetemeka peke yake.

"Bimkubwa?" aliita. "Bimkubwa, kumekucha."

Alimgusa. Ngozi ilikuwa na utelezi mzito, kama uji uliopoa. Labda wana joto, aliwaza. Akakimbia bombani, akajaza kikombe, akawamwagia. Bimkubwa akashtuka mwili mzima, mdomo ukafunguka bila sauti, kisha akalegea zaidi ya mwanzo. Kiherehere akabaki na kikombe mkononi. Alitaka kulia, na akaogopa kulia, kwa sababu kulia kungekuwa kukubali.

Mlango ukagongwa.

"We Kiherehere, fungua! Mimi ndiye wa kwanza!"

"Leo hawaonyeshwi!"

"Hawaonyeshwi vipi na mimi nimeoga mapema kwa ajili yao?" Mapengo alisukuma mlango, akaingia, akatazama. Tabasamu lake lenye nafasi ya meno mawili likafungika. "Wamekufa?"

"Usiseme hivyo!"

"Basi wana nini?"

"Sijui!" Kiherehere alifoka, na machozi yakamtoka palepale. "Sijui, Mapengo. Mwalimu ataniua. Bimkubwa ana miaka minane. Miaka minane wanamlea watu wengine, na kwangu usiku mmoja tu!"

Mapengo alikuna kichwa. Alikuwa rafiki wa kweli, na rafiki wa kweli pia huweza kutoa ushauri mbovu. "Huyu mkubwa bado anapumua kidogo. Tatizo ni huyu mdogo. Sasa sikiliza. Mfereji wa nyuma ya soko umejaa vyura. Tukamtafute anayefanana naye, tumtie humu. Chura ni chura. Nani atajua?"

Akili za kuambiwa changanya na zako, lakini Kiherehere asubuhi ile hakuwa na za kwake za kuchanganyia. Wakabeba kopo, wakatoka mbio.

Mfereji ule ulikuwa na tope jeusi, maganda ya ndizi na chupa tupu. Waliinama, wakachokoa kwa vijiti, wakateleza. Chura wa kwanza alikuwa mkubwa mno. Wa pili alikuwa wa kijani. Wa tatu aliwakojolea, akaruka, akaenda zake. Jua likapanda. Kila dakika Kiherehere alikiona kile kidole kikitetemeka, lakini akaendelea kuinua mawe, maana kurudi mikono mitupu kungemwacha na mlango mmoja tu, mlango wa mwalimu. Waliporudi nyumbani na chura mdogo wa kahawia ndani ya kopo, saa ya ukutani ilikuwa imepita tatu na robo. Saa nzima ilikuwa imekwenda. Watoto wawili wa zamu walikuwa wamesimama uani, Mapengo akawafukuza.

Kidole cha Kifungo hakikutetemeka tena.

"Haraka," Mapengo alinong'ona. "Mtie huyu."

Kiherehere akamchukua chura wa mfereji, akamshusha ndani ya tangi. Kabla hajamwachia, chura yule akajaa nguvu. Alisukuma kidole gumba cha Kiherehere kwa miguu yote minne, akageuza kichwa pembeni, akajikunja arudi juu mkononi. Alitoka kwenye tope jeusi la mfereji, na hakutaka kuligusa tangi hili linalong'aa. Kiherehere aliinama amsukume, na harufu ikampiga puani. Ilikuwa harufu ya nyumbani, aliyoizoea tangu utotoni hata akawa haisikii. Ilikuwa ikitoka kwenye kigae.

"Siwezi kumtia humu," alisema.

"Kwa nini?"

"Atakufa na yeye."

Aliyasikia maneno yake mwenyewe. Hakuweza tena kusema sijui.

Alimtoa chura wa mfereji, akamrudisha koponi. Akalowesha taulo kwa maji ya mtungi, yaliyokuwa yamekaa toka juzi, akawalaza Bimkubwa na Kifungo juu yake ndani ya beseni, akakimbia. Mapengo nyuma, kopo mkononi. Nyumba ya mwalimu ilikuwa mtaa wa tatu. Watu walipisha njia wakiuliza kuna nini, na Kiherehere, aliyekuwa na jibu la kila swali, hakumjibu mtu.

Mwalimu alikuwa uani akianua nguo. Paka mmoja alikuwa juu ya ukuta. Mwalimu alitazama ndani ya beseni, akaweka nguo chini, akamfukuza paka kwa kanga.

"Tangu saa ngapi?"

"Asubuhi, Mwalimu. Sijui wamekuwaje. Labda... labda wamekula kitu kibaya."

Maneno yalitoka yenyewe. Aliyasikia yakitoka, akatamani kuyarudisha, na hakuyarudisha.

"Walikula nini?"

"Nyenje."

"Mliwakamata wapi? Panapulizwa dawa ya wadudu?"

"Labda, Mwalimu."

Mwalimu alikuwa tayari amegeuka kuelekea ndani. "Kama ni sumu ya tumboni, nimpigie simu daktari wa mifugo, na vyura tusiwaloweshe mpaka aseme. Waweke mahali pakavu."

Pakavu. Kiherehere alimtazama Bimkubwa. Jicho moja la shaba lilikuwa limefunikwa nusu, na ile ngozi iliyogusa dawa na kumwagiwa maji ya bomba bado ilikuwa na utelezi juu yake. Akaelewa kwamba mwalimu anakwenda kumtibu ugonjwa ambao hana, kwa sababu ya neno labda.

"Si chakula!" alipiga kelele mpaka paka mwingine akaruka ukuta. "Mwalimu, si chakula, ni mimi! Niliosha kwa dawa ya Mama, ile ya madoa. Kigae kililala ndani usiku kucha. Maji sikuyaacha hata saa moja, ni ya bomba, niliyatia jana asubuhi, na leo nikawamwagia mengine. Vema zote niliweka tu. Nilikudanganya. Mama pia nilimdanganya. Mwalimu, mwokoe, nipige, nifukuze, lakini mwokoe!"

Mwalimu hakumpiga wala hakumfukuza. Kwa mara ya kwanza katika historia ya shule, mwanafunzi alimwona mwalimu yule akikimbia. Alikwenda kwenye pipa la maji ya mvua, akachota, akamimina kwenye karai.

"Lowesha mikono kwanza. Mshike tumboni. Chura hanywi kwa mdomo, mwanangu, hunywa kwa ngozi. Kila kinachomgusa kinaingia ndani yake. Mmwagie taratibu, maji yaende zake, usiyarudishe. Mapengo, kimbia zahanati, kamwambie mama yake aje. Na hilo kopo lina nini?"

Mapengo akainamisha kichwa. "Chura wa mfereji, Mwalimu. Tulitaka... tulitaka awe Kifungo."

"Pitia mfereji, umrudishe pale pale mlipomtoa. Kisha unawe mikono. Haya."

Wakabaki wawili na karai. Mwalimu alimwinua Kifungo, akamwagia maji mara kumi, akamgeuza, akamsikiliza mapigo kwa kidole. Akamwagia tena. Mwishowe akachuma jani pana, akamlaza juu yake, na jani la pili akamfunika.

"Huyu ametutoka," alisema.

Kiherehere alikuwa amemshika Bimkubwa na hakuweza kufuta machozi, yakawa yanaanguka ndani ya karai. Mwalimu akamsogeza uso kwa upole. "Machozi yana chumvi. Lia upande huu."

"Mwalimu, ningekuja mapema angepona? Tulikwenda mfereji, tukakaa saa nzima. Alikuwa bado anatetemeka. Ningekuja moja kwa moja..."

Mwalimu angeweza kusema lolote la kumfariji, lakini hakuwa mtu wa kusema lolote. "Sijui. Labda angepona, labda asingepona. Lakini saa moja ni ndefu sana kwa kiumbe mdogo hivi."

Kiherehere alilia mpaka kifua kikamuuma, na mikono yake haikuacha kumwaga maji.

Mama alifika na sare yake ya kazi, jasho likimtiririka. Mapengo alikuwa amemweleza yote njiani, kwa mbio na kwa kukata maneno. Aliangalia karai, akaangalia lile jani, akamwangalia mtoto wake. Kiherehere alingoja ngurumo. Mama akakaa chini, juu ya sakafu ya uani ambayo hakuna aliyeipiga deki.

"Nilinusa," mama alisema. "Jana jioni nilinusa, nikasema hapa nimezaa. Na karatasi nilitia sahihi bila kuisoma, nikiwa na kiatu kimoja."

"Mimi nami nilipaswa kuja kulitazama tangi," mwalimu alisema. "Niliziona vema saba zimelala upande mmoja, kama zimewekwa kwa pumzi moja. Nikatilia shaka, nikanyamaza."

"Lakini mimi ndiye niliyedanganya," Kiherehere alisema.

"Ndiyo," wote wawili walijibu.

Walifanya kazi kwa zamu. Kila baada ya dakika kumi maji yalibadilishwa. Saa sita Bimkubwa alikuwa vilevile. Saa saba koo lake liliacha kucheza, na Kiherehere akashika mkono wa mama kwa nguvu hata kucha zikaingia. Likaanza tena, mara moja, kisha likatulia, kisha mara moja. Mama aliyekuwa na zamu mpaka jioni hakurudi kazini, alimtuma Mapengo kuomba ruhusa. Hakuna aliyekula. Kila Kiherehere alipofumba macho alikiona kidole cha Kifungo, na alipofumbua alilikuta jani.

Saa tisa na nusu, Bimkubwa alivuta mguu mmoja wa nyuma, polepole sana, akaukunja mahali pake.

Baada ya kitambo akavuta na wa pili. Akafumba jicho, akalifumbua, akawatazama wote watatu kwa uso ule ule wa kuchukizwa aliokuwa nao kwa miaka minane. Mama ndiye aliyeangua kilio.

Bimkubwa alibaki kwa mwalimu wiki nzima, ndani ya beseni, katika chumba cha kuogea kilichofungwa kwa sababu ya paka. Mwalimu alikuwa akienda kuoga kwa jirani. Siku ya nne Bimkubwa alikula nyungunyungu mmoja, na habari ile ilipita madarasani kabla kengele haijapigwa. Kifungo alizikwa nyuma ya chumba cha sayansi. Jumatatu Kiherehere alisimama mbele ya darasa akasema alichofanya, pamoja na habari za mfereji, na hakusema labda hata mara moja. Wengine walimcheka jina lake. Wengine hawakumsemesha siku mbili. Aliyavumilia yote mawili.

Jumatatu ile ile alikuwa ameomba karatasi nyingine. Mwalimu alimtazama muda mrefu, kisha akampa.

Safari hii mama aliisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, miwani puani. Kigae cha zamani kilitupwa, maana chungu hunywa kila kinachotiwa ndani yake na hakitapiki. Wakatafuta kingine. Tangi lilisuguliwa kwa maji ya moto na brashi, siku tatu mfululizo, likasuuzwa, likaanikwa juani. Mama aliyesugua sakafu za zahanati miaka kumi na mitano alisema hajawahi kuona kazi ngumu kama kuosha bila dawa. Ukungu wa mwisho waliutoa kwa kijiti, kwa zamu.

Ijumaa saa nane mchana mwalimu alifika nyumbani kwao na ndoo ya majani mabichi. Alitazama udongo, kifuniko, kivuli. Akaipokea karatasi. Vema zilikuwa sita, kila moja na rangi ya kalamu ya siku yake. Kisanduku kimoja kilikuwa kitupu.

"Hapa pa maji?"

Kiherehere aliitazama ndoo ya majani. Bimkubwa alikuwa ndani ya ile ndoo, hatua mbili tu kutoka kwake, na alimtamani kuliko kitu chochote duniani. "Bado, Mwalimu. Ndoo ya kwanza nilijaza Jumatano, lakini jana jirani alinawa mikono na sabuni karibu yake, sikuwa na hakika, nikaimwaga. Hii niliijaza jana saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya shule. Siku mbili zitatimia kesho saa kumi na mbili."

"Yamekaa tangu jana asubuhi. Imebaki chini ya siku moja tu," mwalimu alisema, akimkazia macho. "Mtu angeweza kuweka vema."

"Angeweza," Kiherehere alisema. "Lakini zitatimia kesho saa kumi na mbili."

Mwalimu akaichukua ndoo yake. Kwa muda Kiherehere alidhani amemkasirisha. Kumbe mwalimu alikuwa anatabasamu, jambo alilolifanya polepole kama mengine yote.

"Leo ndiyo uko tayari kufuga," alisema. "Mnyama hawezi kusoma karatasi yako, wala hawezi kuja kukuuliza kama ni kweli. Anaingia tu pale ulipomwekea na kukuamini. Kwa hiyo anayefuga hujitayarisha kwanza yeye mwenyewe, aseme kweli hata pasipo na wa kumuuliza. Nitarudi kesho saa tatu. Kuoga kwa jirani siku moja zaidi hakutaniua."

Alipoondoka, mama aliinama juu ya tangi, akaingiza pua yake yote ndani, akavuta pumzi ndefu. Kiherehere alingoja.

"Halinuki kitu," mama alisema. Akanyanyuka, akamshika mtoto wake bega. "Basi ni safi."